Fimbo ya Kuvulia na Mtu wa Omukago

Siku ya kuanua matanga kule Kanazi, mama mkwe wangu aligawa vitu vya mwanawe akiwa ameketi mkekani, bila kupandisha sauti. Koti lilikwenda kwa mdogo wa marehemu. Redio ikabaki kwangu. Viatu vilivyokuwa bado vizima akapewa jirani aliyechimba kaburi. Halafu akasema, "Na ile fimbo ya samaki ni ya mtu wake wa omukago. Alinitamkia mwenyewe akiwa kitandani."

Mimi nilikuwa nikilala chumba hichohicho cha hospitali, chini, juu ya kanga. Mimi hakunitamkia.

Kwa wasiotoka kwetu, omukago ni udugu wa kiapo. Zamani watu wawili walijichanja karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye punje mbili za kahawa zilizotoka katika tunda moja, na kila mmoja akala punje ya mwenzake. Siku hizi damu haipo tena na vijana wengi hawajui hata jina lake. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kahawa. Yeye na rafiki yake mvuvi walifanya omukago wao kwa utani, wamekaa juu ya mawe ya ziwani upande wa Muleba, kwa tunda kavu lililodondoka kutoka kwenye gunia. Walicheka sana, nasikia. Lakini wakaendelea kuitana ndugu mwaka hadi mwaka, mpaka utani ukaisha wenyewe, udugu ukabaki.

Mimi niliolewa kwa posa, kwa mahari, kwa misa na kwaya. Rafiki yake alihitaji punje moja ya kahawa.

Huyo rafiki kwao ni Ukerewe. Alikuja visiwa vya Muleba akiwa kijana, akavua, akachuuza dagaa, mwishowe akahamia nchi kavu akajenga karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Msibani alikuja na kiroba cha samaki wakavu akalia kwa sauti kubwa, jinsi wanaume wa kwetu wasivyolia. Alipomaliza kulia akaanza kuongea. Aliwaambia watu jinsi marehemu alivyokuwa akiigiza sauti ya msimamizi wao wa ghala, jinsi alivyomwogopa mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani, akidai anamtazama kama mkwe anayedai mahari, jinsi alivyosimulia kutwa nzima habari ya mbuzi aliyepanda lori Kanazi na kushushwa Muleba bila kugunduliwa. Watu wote walicheka. Hata mama mkwe alijifunika mdomo kwa kanga.

Hakuna hata moja nililowahi kulisikia. Nyumbani mume wangu alikuwa mtu wa "nimerudi", "nimeshiba" na "zima taa". Nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Nilishazoea, na tena nilikuwa nikimtetea kwa dada zangu kwamba mwanaume mkimya hana makuu. Sasa hapo mkekani nikajua kwamba maneno alikuwa nayo, tele, ila alikuwa akiyabeba kwenye lori hadi Muleba na kuyashusha huko.

Nilicheka pamoja na wengine. Ndani nilikuwa naungua.

Watu walipoanza kutawanyika, yule rafiki akanijia nyuma ya jiko. "Shemeji, ile fimbo haina haraka. Siku yoyote tu."

"Imechakaa," nikamwambia. "Niachie kwanza niitengeneze."

"Samaki hawaangalii rangi, shemeji."

"Watu wanaangalia."

Akakubali, akanishukuru. Nasema ukweli: sikuwa na nia ya kuitengeneza. Nilitaka tu isiondoke upesi.

Nyumbani kwangu ni Bakoba, Bukoba mjini, na mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani. Fimbo ilikuwa imetundikwa kwenye misumari chini ya paa la nyuma, na miaka yote niliyoishi nayo sikuwahi kuigusa. Nilipokuja kuolewa mama mkwe alinikanya: mwanamke haruki chombo cha mume cha kuvulia, hakishiki wala hakisogezi, samaki watakikimbia. Basi nilikuwa nikifagia chini yake tu, nimeinamisha kichwa. Siku niliporudi kutoka matanga niliishusha, nikailaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, katikati ya sare za shule za watu. Kama kuna samaki wa kukimbia, na wakimbie.

Haikuwa mwanzi mzima kama ule wanaokata vijana porini. Ilikuwa mwanzi uliopasuliwa vipande vyembamba vikagandishwa tena kwa gundi, ukiuzungusha mkononi unahesabu pande sita. Ilikuwa na pete ndogo za chuma za kupitishia mshipi, kila pete imefungwa kwa uzi mwekundu uliozungushwa ukashikana. Vanishi yake ilikuwa imepasuka na kujikunja kama ganda la kitunguu. Mahali pengine ilishatoka yote, mwanzi ukawa wa kijivu. Ule uzi mwekundu niliujua ni kazi ya nani. Mume wangu hakuweza kufunga hata kifungo.

Kwa siku kadhaa nilishona tu, fimbo iko pale mezani, nikiihamisha nikitaka kukata kitambaa. Halafu asubuhi moja nilichukua wembe wangu wa kufumulia nikakata uzi wa pete ya kwanza. Ulikuwa mkavu, ukachomoka wote kama ukanda. Chini yake, mahali jua halikuwahi kufika, vanishi ya zamani ilikuwa bado nzima, rangi ya asali. Nikakata wa pili. Sitadanganya, nilifurahi. Nilikata nyuzi zote za yule bwana, zikawa fungu dogo jekundu sakafuni, nikalifagia pamoja na vipande vya vitambaa.

Baada ya hapo ilibidi niendelee, maana fimbo isiyo na pete ni fito tu.

Nilianza na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Hilo lilikuwa kosa. Nilimwagia kitambaa, nikasugua, vanishi ikageuka ulimbo, ikajaza vidole, ikaingia kwenye kucha, na kwenye ncha ya fimbo gundi ya vile vipande ikaanza kulegea. Nikaacha haraka, nikaifunga ncha ile kwa utepe wa kitambaa ikauke. Kuanzia hapo nilikwangua kwa mgongo wa kisu, kavukavu, nikiuvuta kuelekea kwangu, upande mmoja hadi mwisho ndipo upande mwingine. Vanishi ilitoka kama unga wa kahawia. Ukikandamiza, kisu kinakula mwanzi, ukilegeza, kinateleza. Kisha msasa laini.

Juu kidogo ya mpini palikuwa na mahali palipoliwa, kishimo chepesi ambapo kidole kilikuwa kikikaa. Nilipopafika nilisimamisha msasa. Nikaweka kidole changu pale, kikatosha. Nilitaka kuamini ni kidole chake. Lakini safari nyingine mume wangu alirudi bila fimbo, ameiacha hukohuko mwaloni, kwa rafiki. Huenda kishimo kilikuwa cha yule mwingine. Huenda walikichimba wote wawili, na hapo hakuna fundi awezaye kutenganisha kidole na kidole. Nilikaa na jambo hilo mpaka mteja akaja kuulizia gauni lake. Alipoondoka nilipasugua msasa, pakawa sawa na kwingine.

Vanishi nilikwenda kununua kwenye duka la vifaa mjini, la mzee wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki. Alinitazama juu ya miwani.

"Unapaka nini, mama? Kitanda?"

"Fimbo ya kuvulia."

"Ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Basi aje mwenyewe. Wanaume wa siku hizi wanajua kutuma tu."

"Amefariki."

Akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta. "Pole. Pole sana, mama." Akarudisha kopo lililokuwa mkononi mwangu kwenye rafu, akachukua jingine. "Hiyo ya kitanda inaogopa maji. Chukua hii ya boti. Halafu paka nyembamba. Ukipaka nene kama uji, itakulilia machozi." Kisha akauliza, "Ni ile yenye pande sita? Ilitoka nyumbani kwa mjomba wangu, walipofunga duka kuhama. Mume wako aliwabebea mizigo, wakampa."

"Mjomba wako alikuwa mvuvi?"

"Wapi! Alikuwa akifukuzia kunguru."

Nilicheka njiani peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba hata hilo, fimbo ilikotoka, nimeambiwa na muuza misumari.

Pete nilizifunga upya mwenyewe. Hiyo ni kazi ya uzi, na uzi naujua. Nilichagua mweupe, mweupe kabisa, wa kushonea mashati ya shule. Nilitaka yeyote atakayeishika ile fimbo, hasa mtu mmoja, aone toka mbali kwamba mkono mwingine umepita. Nilizungusha uzi kwa kuuvuta, mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake bila nafasi, nikapitisha ncha chini ya kitanzi nikaivuta ndani isionekane. Ulikaa vizuri. Kusema kweli ulikaa vizuri kuliko wa kwake. Nikaiegemeza fimbo ukutani nikaitazama nikinywa chai, ile mikanda myeupe imepangana, nikahisi kama nimeshinda kitu.

Halafu nikapaka vanishi juu yake, na uzi ukatoweka.

Sikujua jambo hilo. Uzi mweupe ukinywa vanishi unakuwa kama kioo. Nilikuwa nikipitisha brashi na kuona weupe ukizama mbele ya macho yangu, pete kwa pete, ukabaki mwanzi tu unaoonekana chini yake, kana kwamba pete zimejishikilia zenyewe. Nilipaka hadi mwisho kwa sababu ukiacha katikati inaweka alama.

Ili ikauke niliitundika nje, kwenye kamba ya nguo. Mtu wa Bukoba anayejua msimu asingefanya hivyo, lakini akili yangu haikuwa pale. Alasiri wale wadudu wa ziwani waliinuka juu ya maji kama moshi wa kiwanda, upepo ukawaleta mjini, na nilipotoka kuangalia fimbo ilikuwa imeota nywele. Niliwatoa kwa sindano mmoja mmoja. Wengine walikatika, wakaacha bawa au mguu ndani. Kisha mvua ikashika, hewa ikawa nzito, vanishi ikakataa kukauka. Kila asubuhi nilikuwa naigusa kwa ncha ya kidole na inanata. Majirani walianza kuniuliza mgonjwa anaendeleaje.

Yule rafiki alikuja fimbo ikiwa imeshakauka, au karibu. Alikuwa ameleta samaki wa kuuza sokoni, na mmoja, sato mkubwa, alimleta kwangu.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu ndani."

Akaiona kabla hajakaa. "Eh! Hii ni fimbo au bakora ya askofu?" Akaipokea, akaipima kwenye kiganja, akaitikisa mara moja kwa kifundo cha mkono tu, na ncha ikatetemeka na kutulia. Mimi nimekaa nayo wiki ngapi, nimekwangua kila upande wake, na sikujua kwamba inaweza kufanya hivyo. Akaileta karibu na jicho. "Na hawa ndani ya vanishi? Umeniwekea na chambo kabisa!"

Alicheka mpaka akaona sicheki.

"Umeifanya vizuri, shemeji. Kweli. Pete zimeshika."

"Mlikuwa mnaongea nini?" nikauliza.

"Wapi?"

"Huko kwenye mawe. Kutwa nzima. Mlikuwa mnaongea nini?"

"Aa, vitu vya ovyo tu. Lori. Samaki aliyekwepa. Mtu fulani mwaloni anayedanganya."

"Mimi alinitaja?"

Alikaa. Aliilaza fimbo mapajani akawa anaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Shemeji, nisikudanganye. Mambo ya nyumbani hatukuyazungumza."

"Hata mara moja?"

"Mke wangu mimi alibaki Ukerewe, baadaye akaolewa na mwingine. Nilipomsimulia ndugu yangu, niliumia sana. Tangu siku ile akawa hataji mke mbele yangu, wake wala wa mtu mwingine. Mimi sikumwomba. Aliacha mwenyewe."

Basi ndiyo hiyo. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba alinisema vibaya, na nilikuwa nimejiandaa zaidi, nakiri, kusikia kwamba alinisifu. Kumbe alininyamazia kule ili asimuumize mtu huyu. Alikuwa na upole kiasi hicho, wa kufikiria moyo wa mwenzake na kulinda kidonda chake, na upole huo aliutumia kwa kunitoa mimi kwenye maneno.

"Alikuhurumia wewe," nikasema.

"Ndiyo, shemeji. Alinihurumia."

Hakuelewa nilichosema. Nilimwondolea fimbo mapajani. "Nipeleke," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwenye hayo mawe. Nikishapaona, utaichukua."

"Shemeji, kule ni jua kali. Na watu wa mwaloni midomo yao haina adabu."

"Nipeleke, au haitoki hapa. Kamwambie mama mkwe nimekunyima."

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu, si mjane. "Sawa," akasema. "Jumamosi."

Jumamosi tulikwenda. Mawe yako mbali kidogo na mwalo, meusi juu, meupe chini kwa mavi ya ndege. Wavuvi waliokuwa wakianika nyavu walimpigia kelele: "Leo umebadilisha mwenzako! Umeleta mwenye kitenge!"

"Funga domo wewe," akawajibu. "Huyu ndiye mwenye fimbo."

Alinionyesha jiwe bapa. "Hapa." Sikuuliza ni pa nani. Nilikaa, yeye akakaa jiwe la pili, akafunga roda ya kuzungushia mshipi, akaupitisha kwenye pete zangu, akatupa. Kiboya kikakaa juu ya maji. Halafu akanyamaza. Alinipa heshima yake, kimya kirefu cha kumheshimu shemeji, na mimi nilikuwa nimepanda gari asubuhi yote kufuata maneno. Nilikuwa nikimtazama usoni, nikisubiri. Kila nilivyomtazama ndivyo alivyojikunyata.

Mwishowe macho yalichoka, nikageukia kile kiboya kama yeye. Ukikaa pale huna pengine pa kutazama. Humwoni mwenzako uso, unasikia tu kwamba yupo. Nyumbani kwetu meza ni ndogo. Mume wangu akirudi nilikuwa nakaa mbele yake, namtazama akila, namtazama akinawa, nikisubiri aseme kitu. Nilidhani huo ndio upendo.

Muda ulipita, sijui kiasi gani. Samaki mdogo akanasa, mwenzangu akamtoa, akamrudisha majini. Na akiwa bado anatazama maji akaanza: "Yule jamaa wa injini ya njano amerudi tena. Anasema injini ameitengeneza. Unakumbuka ile siku ilizimika akapiga kasia kwa sufuria?" Akacheka peke yake, kwa sauti ya chini. "Sufuria ya wali, ndugu yangu. Na wali ukiwemo."

"Mm," nikajibu.

"Halafu wewe ukamwambia..."

Akakatika. Mkono uliobeba fimbo ukashuka.

"Samahani, shemeji."

"Endelea. Nilimwambia nini?"

Alijaribu. Nilisikia pumzi akiivuta, lakini haikuwezekana tena. Tulikaa mpaka jua likawa utosini, na hatukusema kitu kingine cha maana. Hayo tu ndiyo niliyoyapata, kisa cha sufuria, nacho nusu, na hakikuwa changu.

Nilisimama nikamwambia, "Ibaki nawe." Nilikuwa nimeahidi, na tena nilishaona kwamba nikirudi nayo Bakoba itakuwa fito ukutani. Aliishika kwa mikono miwili akainama kidogo. "Wakola, waitu," akasema, asante ya Kihaya, na Ukerewe wake ukisikika ndani. Hayo ndiyo maneno ambayo mume wangu alikuwa akiniambia nikimwekea sahani. Kumbe hata hayo alimfundisha.

Nilipanda mpaka barabarani kungojea usafiri. Kutoka pale juu mawe yanaonekana vizuri. Mmoja wa wale wavuvi wa nyavu alikuwa amekwisha kuja, amekaa kwenye jiwe bapa, miguu ameinyoosha. Na yule wa omukago alikuwa anaongea. Sauti haikunifikia, ila mkono wake ulikuwa ukienda huku na huku, ukipiga kasia hewani, na yule mwingine akajishika tumbo kwa kicheko. Nilihisi joto likinipanda shingoni, lilelile la siku ya matanga, ila safari hii sikuweza kujua ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya mume wangu, aliyekuwa amekaliwa mahali pake upesi namna ile. Nilisimama nikiwatazama mpaka pikipiki ikasimama mbele yangu, na dereva akaniuliza mara mbili nakwenda wapi.